Barafu Inayoishia Ziwani

Boti iliingia Kayenze, mwalo wa Ziwa Victoria mkoani Mwanza, saa mbili asubuhi ikitokea visiwani, na kabla ya sangara wa kwanza kutolewa, kijana mmoja alipanda juu ya sanduku la samaki akaanza kuchota maji kwa ndoo na kuyamwaga ziwani. Yalikuwa na wekundu hafifu wa damu, na baridi yake iliuma vidole. Alichota mpaka akavua shati. Chini ya maji hayo sangara walikuwa wamepangwa kichwa kwa mkia, na katikati yao vilibaki vipande vichache vya barafu vilivyokonda, kingo zake zimelainika kama sabuni inayokaribia kwisha.

Nilimwamkia nahodha, mzee aliyekuwa ameketi ukingoni mwa boti akisubiri mizani, kisha nikamwuliza kama maji yale yote yalikuwa barafu walipoondoka.

"Yote, mwanangu. Tunaondoka na barafu, tunarudi na maji. Ndiyo kazi yake hiyo."

Jibu hilo halina kosa, lakini limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Barafu isiyoyeyuka haipozi kitu, hilo linajulikana. Nilichotaka kujua ni kilichoiyeyusha: ni joto la samaki, au ni jua, upepo na mbao za sanduku lenyewe?

Barafu ile ilitengenezwa kwa umeme.

## Hesabu ya kilo moja

Kilo moja ya barafu yenye nyuzi 0 hunyonya kilojuli 334 za joto ili igeuke maji ya nyuzi hizohizo 0. Samaki wa kilo moja aliyetoka kwenye maji ya nyuzi 27 anatakiwa kupoteza takribani kilojuli 95 ili afike nyuzi 0. Ukigawanya, unapata kwamba barafu isiyofika hata gramu 300 inatosha kumpoza samaki huyo, na kwamba kilo moja ya barafu, kwa hesabu tupu, ingewapoza samaki wa kilo tatu na nusu.

Nahodha wetu hubeba kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Akibeba pungufu ya hapo, samaki watafika wamelegea na macho yameingia ndani, na wakala anayewapokea atawakataa. Hata miongozo ya kuhifadhi samaki katika nchi za joto hushauri kiasi hichohicho. Kwa hiyo mzee hakukosea, na sitaki msomaji aelewe kwamba namlaumu.

Lakini linganisha namba hizo mbili. Katika kila kilo ya barafu inayopandishwa kwenye boti, zaidi ya theluthi mbili inatumika kupambana na joto linalopenya kutoka nje. Sehemu hiyo haipotei bure yote, kwa sababu samaki akishapozwa lazima aendelee kuwa baridi mpaka afike mwaloni. Ukubwa wake, hata hivyo, hauamuliwi na samaki. Unaamuliwa na sanduku.

## Uniti ngapi ndani ya tani

Mtambo wa kugandisha barafu katika joto kama letu hutumia umeme wa kati ya uniti 50 na 80 kwa tani moja, kutegemea umri wa mtambo, aina ya barafu na ubaridi wa maji yanayoingia. Tuchukue 65. Boti niliyoiona hubeba zaidi kidogo ya nusu tani, yaani uniti 35 hivi kwa safari. Mteja mdogo wa TANESCO aliye katika kundi la D1 anatakiwa asizidishe uniti 75 kwa mwezi mzima. Ina maana kwamba sanduku moja, safari moja, linabeba umeme wa nyumba ya namna hiyo kwa wiki mbili.

Visiwani, ambako barafu hugandishwa kwa jenereta, hesabu ni chungu zaidi. Jenereta ndogo hutoa takribani uniti 3 kwa lita ya dizeli, hivyo tani moja ya barafu hunywa lita zaidi ya 20.

Nchini mazungumzo ya nishati yamejaa mambo mawili, megawati na mtungi wa gesi. Tunajua kwa kichwa kwamba Bwawa la Mwalimu Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Tunajua kwamba megawati 80 za kituo cha umeme wa maji cha Rusumo tunagawana na Rwanda na Burundi. Tunajua pia kwamba mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa wa kawaida mwishoni mwa kipindi hicho. Ni mambo makubwa na sina ugomvi nayo. Ila sijawahi kusikia kiongozi akikata utepe wa kifuniko cha sanduku la samaki.

## Mbao, povu na pumba

Sanduku la boti ile lilikuwa la mbao za unene wa sentimita mbili na nusu, ndani limetandikwa nailoni nyeusi, juu limefunikwa kwa mbao tatu zisizokutana vizuri na turubai la bluu. Zipo boti zilizojengwa vizuri kuliko hivyo. Tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1990, viwanda vya minofu vimelazimika kuwa makini na ubaridi, na magari yao yana kuta nene za povu gumu. Ninazungumzia boti za watu wa kati, zile zinazozunguka kwenye kambi za wavuvi zikikusanya samaki wa huyu na wa yule.

Nililipima sanduku kwa futi ya fundi seremala: urefu mita 1.6, upana 1.2, kina 0.75. Eneo la pande zote sita linakaribia mita za mraba 8. Kwa mbao peke yake, na tofauti ya nyuzi 27 kati ya nje na ndani, joto linalopenya linatosha kuyeyusha takribani kilo 200 za barafu kwa siku. Ukiongeza ndani povu la sentimita 5, lile jeupe linalokuja kwenye maboksi ya televisheni, joto hilo linashuka mpaka kilo 33 hivi kwa siku.

Kutoka 200 hadi 33.

Kwa safari ya siku mbili yenye nusu tani ya samaki, sanduku la mbao linahitaji barafu kilo 540: 140 za kuwapoza samaki na 400 za kulisha kuta. Sanduku lenye povu linahitaji zinazozidi kidogo 200. Tofauti ni zaidi ya uniti 20 za umeme kwa safari moja, bila kujenga bwawa, bila kufunga paneli hata moja.

Hesabu hii haijagusa jua linalopiga juu ya kifuniko saa saba mchana, wakati boti imetia nanga ikisubiri wavuvi. Turubai la bluu lililokunjamana moja kwa moja juu ya mbao huchemka. Ukilinyanyua shibiri moja ili upepo upite katikati, au ukatandika juu ya mbao gunia lililoloweshwa maji ya ziwa, utakuwa umepunguza sehemu kubwa ya joto hilo kwa gharama isiyotajika. Mabaharia wengine hufanya hivyo bila kuambiwa na mtu.

Watu wa Magu na Sengerema wataniuliza kuhusu pumba za mpunga, kwa kuwa mashine za kukoboa zinazitupa kila siku. Pumba kavu huzuia joto karibu sawa na povu. Zikilowa hazifai tena, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko pumba zilizokauka, na ndani ya boti hakuna kitu kisicholowa. Mahali pake ni nchi kavu: banda la kuhifadhia barafu kisiwani, kuta mbili za mbao zenye nafasi ya sentimita 15 katikati, pumba zikiwa zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni. Huko nafasi si tatizo.

Kwenye boti nafasi ndiyo kila kitu, na hapo ndipo hesabu yangu ilipogonga mwamba.

## Robo ya sanduku

Mwenye boti ni mama wa makamo anayeishi Ilemela, ambaye alianza kwa kuuza dagaa kwa sadolini na sasa ana boti zaidi ya moja. Nilimpelekea karatasi yangu. Aliisoma yote, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, kisha akasema, "Mwanangu, povu lako linakula robo ya sanduku langu. Hiyo robo utanilipa wewe?"

Alikuwa amepiga hesabu kichwani vizuri kuliko mimi kwenye karatasi. Sentimita 5 kila upande zinapunguza ujazo kutoka mita za ujazo 1.44 hadi 1.07. Ni kweli, robo imekwenda.

Ilinichukua muda kupata jibu, na jibu lenyewe limo katika barafu. Sanduku la zamani hujazwa nusu barafu na nusu samaki, hivyo samaki hupata mita za ujazo 0.72. Sanduku jipya linahitaji barafu theluthi moja tu ya ujazo wake, hivyo samaki hupata 0.71. Ni nafasi ileile. Robo iliyoliwa na povu ilikuwa ikikaliwa na barafu iliyokusudiwa kuyeyuka.

Nilirudi kwake nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda mjadala. Alikubali hesabu, akatulia, halafu akauliza swali la pili, ambalo mpaka leo naliona kuwa kiini cha jambo zima: "Nikichukua barafu nusu, nitapunguziwa nini?"

Hakuna.

Kwa utaratibu wake, wakala humpa barafu na mafuta kwa mkopo, kisha hukata gharama samaki wanapopimwa. Mafuta hukatwa kwa lita. Barafu hukatwa kwa safari, bei moja, ujaze sanduku au usijaze. Mabaharia hugawana kinachobaki baada ya gharama kutolewa, kwa hiyo nao hawaoni tofauti. Umeme uliogandisha barafu unalipwa na kiwanda, ambacho hakimiliki boti wala sanduku. Anayeweza kununua povu haoni bili, na anayeona bili hawezi kununua povu.

Nimesoma mengi kuhusu teknolojia za kuokoa nishati, na karibu yote yanadhani kuna mtu mmoja anayelipa, anayepoteza na anayeamua. Kwenye mwalo watu hao ni watatu, na mara nyingine hawajawahi kuonana.

## Upande wa kiwanda

Fundi wa majokofu katika kiwanda kimoja hapa Mwanza alinipa nusu saa ya mapumziko yake. Alieleza kwamba adui yake mkubwa ni mlango. Hewa ya ziwani ina unyevu mwingi. Mlango wa chumba cha baridi ukiachwa wazi wakati wa kupakia, unyevu huo huganda kwenye koili, yaani mabomba ya kupozea, na koili iliyovaa barafu haivuti joto tena ipasavyo, hivyo kompresa hufanya kazi muda mrefu kwa matokeo madogo. Pazia la vipande vya plastiki mlangoni linasaidia, mradi wapakiaji wasilifunge kamba pembeni ili wapite haraka. Kila nyuzi moja ya ubaridi usiohitajika kwenye koili huongeza matumizi ya kompresa kwa asilimia 2 hadi 3. Feni zikipunguzwa kasi kwa asilimia 20, umeme wake hushuka karibu nusu, kwa kuwa nguvu ya feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake: 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni nusu na kidogo.

Haya wakubwa wake wanayasikiliza, kwa sababu yanaonekana kwenye bili. Mteja mkubwa hulipa kwa uniti na pia kwa kilele cha matumizi yake, kinachopimwa kwa kVA, kipimo cha ukubwa wa umeme unaovutwa kwa wakati mmoja, hivyo kuhamishia ugandishaji saa ambazo mashine nyingine zimepumzika kunaokoa fedha mara moja. Nilipomuuliza kuhusu masanduku ya boti, alicheka kidogo. "Barafu ikishavuka geti, kaka, hiyo siyo yetu tena."

## Samaki wanapokuwa wachache

Kuna jambo lililonitia shaka kuhusu hesabu zangu zote. Nimezifanya kwa safari ya siku mbili, kana kwamba urefu wa safari umeandikwa mahali. Nahodha anasema zamani sanduku lilijaa haraka. Sasa hulazimika kungoja kambi hadi kambi, na sangara wengine hawaruhusiwi kuchukuliwa kwa kuwa hawajafika sentimita 50. Kila siku ya kungoja hula kilo 200 za barafu hata kama hakuna samaki hata mmoja aliyeingia sandukuni. Ni uniti 13 za umeme zilizotumika kupoza mbao. Ukitaka kujua jinsi nyavu haramu, kwa kupunguza samaki, zinavyopandisha matumizi ya umeme wa Mwanza, njia ni hiyo, na haipiti kwenye ofisi yoyote ya nishati.

Shaka ya pili ni nzito zaidi. Sanduku likiweza kutunza barafu kwa siku nne, nani atamzuia nahodha asiende mbali zaidi? Injini ya nguvu za farasi 40 ikikimbizwa humaliza petroli zaidi ya lita 10 kwa saa, na kila lita ina nishati ya karibu uniti 9. Saa moja tu ya ziada majini inachoma nishati nyingi kuliko zile uniti 20 nilizokuwa nikizisherehekea. Najua umeme wa nyaya na joto la petroli havilingani moja kwa moja, lakini hata ukikata robo tatu ya namba hiyo bado akiba yangu yote inamezwa na saa hiyo moja.

Nimeligeuza jambo hili mara nyingi na sijaona sababu ya kuliacha sanduku la mbao kwa ajili yake. Nahodha akienda mbali zaidi, atakuwa amenunua kitu kwa petroli yake, samaki au hasara, na ni haki tubishane naye kuhusu hilo. Joto linalopita kwenye mbao halimnunulii mtu yeyote chochote. Hata hivyo nitakuwa mwangalifu nisimwambie mtu kwamba povu "litaokoa nishati ya ziwa". Litaokoa barafu. Kinachofuata kinategemea watu.

## Barafu ya jua

Kisiwa cha Ukara kilipata gridi ndogo ya umeme wa jua mwaka 2016, na tangu hapo kila anayezungumzia nishati ya visiwani huzungumzia taa na betri. Betri ni ghali na huchakaa. Barafu ni njia ya kutunza jua isiyohitaji betri: paneli zikifanya kazi mchana, mtambo hugandisha mchana, na jioni unabaki na bonge unaloweza kulibeba begani. Kwa jua la huku, ambalo hutoa uniti 4 na kitu kwa siku kwa kila kilowati ya paneli, tani moja ya barafu kwa siku inahitaji takribani kilowati 15 za paneli. Si mradi mdogo, lakini hauogopeshi.

Kinachonisumbua ni picha ya barafu hiyo ya jua ikipakiwa kwenye sanduku lilelile la mbao na nailoni nyeusi. Paneli zilizonunuliwa kwa mkopo zitakuwa zinalisha kuta, kama jenereta ilivyokuwa ikifanya, isipokuwa sasa tutapiga picha za uzinduzi. Ukianza na masanduku, paneli zilezile zinahudumia boti mbili na ushei badala ya moja. Ukianza na paneli, masanduku yanasahaulika, kwa sababu fedha zimekwisha na wafadhili wameondoka. Ningekuwa na sauti mahali popote ningesema masanduku kwanza, kisha banda la pumba, paneli mwisho.

Mama wa Ilemela hana haja ya mpangilio wangu. Ameamua kuanza na kifuniko peke yake, kwa kuwa hakipunguzi nafasi ya samaki: mbao mbili, povu katikati, mpira wa tairi la ndani ukingoni ili kizibe, rangi nyeupe juu. Boti moja itavaa kifuniko hicho, nyingine itabaki na turubai, zote ziondoke siku moja kwa kisiwa kimoja. Amemwomba wakala barafu ipimwe kwa kilo wakati wa kupakia, na bei ikatwe kwa kilo kama ilivyo kwa mafuta. Wakala amesema atauliza kiwandani. Fundi seremala ameshalipwa nusu ya fedha za kifuniko, na kuta, anasema mama, zitasubiri jibu la wakala.